Ukame unakuja na serikali iko kimya: swali kwa waziri, taarifa, hoja ya dharura, kamati ama petisheni? Tulinganishe

Ukame si kama tetemeko la ardhi, hauji usiku mmoja watu wamelala. Unatembea polepole na unaonekana ukija, kwanza nyasi, halafu maziwa yanapungua, halafu bei ya mbuzi inashuka huku ya mahindi ikipanda, halafu akina mama wanaanza kwenda kilomita nyingi zaidi kutafuta maji, halafu mikono ya watoto inaanza kukonda. Na haya yote yanaandikwa. Hapa Kenya NDMA, ile mamlaka ya kudhibiti ukame, inatoa ripoti kila mwezi ya kaunti 23 za maeneo kame, kila kaunti imewekwa daraja lake, iko kawaida, iko kwa tahadhari, iko hatari ama imefika dharura. Kwa hivyo waziri hawezi kuja bungeni kusema ati hali imetushtukiza, karatasi ilikuwa kwa meza yake.

Naandika hii manake kila mwaka wa shida naona kitu kilekile kwa magrupu yetu ya vijana na ya wafugaji. Watu wanakasirika, wanaambia mbunge "ongea bungeni bwana", mbunge anasimama anaongea dakika tatu kwa uchungu, vidio inazunguka kwa simu zetu, tunafurahi, halafu basi. Hakuna lori, hakuna pesa, hata jibu hakuna. Si kwamba mbunge hakufanya kazi, alichagua njia ambayo haimlazimishi mtu yeyote kujibu. Bungeni kuna njia kadhaa za kumbana waziri na kila moja inafanya kazi yake, ukitumia ya kuangusha mti kwa kazi ya kushona nguo unaharibu vyote viwili. Sasa tuzipange kando kwa kando, uone ya kwako ni gani.

Kabla ya hapo, kumbuka vile ilikuwa juzi. Mvua ya vuli ya 2020 ilikosa, ya masika 2021 ikakosa, vuli 2021, masika 2022, vuli 2022, misimu mitano mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, hapo misimu miwili ilikuwa imeshapotea. Mwisho wa 2022 watu kama milioni 4.4 hawakuwa na chakula cha kutosha, makadirio ya Machi hadi Juni 2023 yakapanda mpaka milioni 5.4, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa. Ng'ombe akishakufa hakuna swali la bunge litamfufua. Ndio maana nasema swali la maana ni lile linaulizwa kaunti ikiwa bado kwa tahadhari, si lile linaulizwa mizoga ikishaonyeshwa kwa TV.

Swali kwa waziri, ama kuomba taarifa?

Hizi mbili watu wanazichanganya sana na zinaonekana kama ndugu lakini tofauti yake ni kubwa.

Swali ni hivi, mbunge anaandika swali, linapita kwa Spika, linawekwa kwa ratiba, halafu waziri mwenyewe anakuja mbele ya bunge kulijibu. Zamani mawaziri walikuwa wabunge kwa hivyo walikuwa hapohapo ndani wanaulizwa, katiba ya 2010 ikawatoa, kwa miaka kadhaa maswali yakawa yanajibiwa kwa kamati, na kuanzia 2023 mawaziri wakaanza tena kusimama mbele ya bunge lote. Utamu wa hii njia hauko kwa jibu la kwanza, hilo limeandikwa na maofisa wa wizara na waziri analisoma tu. Utamu uko kwa maswali ya nyongeza. Hapo ndio mbunge anauliza "umesema pesa zimetengwa, je zimetumwa?" na waziri hana karatasi ya hiyo, anaangalia huku na huku, na nchi inaona.

Taarifa nayo, mbunge anasimama anaomba mwenyekiti wa kamati husika alete maelezo. Mwenyekiti anaandikia wizara, wizara inaandika majibu, mwenyekiti anakuja kuyasoma. Uzuri wake ni kwamba ni rahisi kuanzisha, hata mbunge mgeni anaweza, na haingoji siku ya waziri. Ubaya ni kwamba anayesoma si mwenye jukumu. Ukimuuliza mwenyekiti "mbona malipo ya Mandera yamechelewa" atakwambia atarudi kwa wizara kuuliza, na hapo mmeanza danadana, wiki mbili zimeenda.

Kwa hivyo kama unachotaka ni namba tu, yaani visima vingapi vimekufa, kaya ngapi ziko kwa orodha, maboza mangapi ya maji yanazunguka, taarifa inatosha na usipoteze nafasi ya swali. Kama unachotaka ni mtu aseme "ndiyo mimi ndiye niliyechelewesha" basi ni swali, na hakikisha kuna wabunge wengine watatu wanne kutoka kaunti jirani wamejipanga na nyongeza zao, kila mmoja na yake, wasirudie ileile. Hili la kujipanga ndio linasahaulika kabisa, wabunge sita wanasimama wote wanasema "hata kwetu hali ni mbaya Mheshimiwa Spika" na muda umekwisha, waziri ameponyoka na hakuulizwa kitu.

Hoja ya kuahirisha shughuli, ama kamati?

Hapa tuko kwa moto na maji.

Hoja ya kuahirisha shughuli za bunge kujadili jambo la dharura la kitaifa ndiyo ya haraka kuliko zote. Mbunge anaandikia Spika kabla ya kikao, Spika akikubali kwamba jambo ni la dharura kweli, na wabunge wa kutosha wakisimama kumuunga mkono, linajadiliwa siku hiyohiyo. Magazeti yanaandika, redio za lugha zetu zinabeba, gavana anaanza kupiga simu. Ni nzuri sana kwa kuamsha watu. Lakini usijidanganye, ni mjadala. Wanaongea, muda unaisha, na haimalizikii kwa waziri kukabidhi karatasi yoyote. Ukiitumia peke yake utapata kelele na hutapata jibu.

Kamati ni kinyume chake. Haina makelele, mara nyingi ni asubuhi, watu wachache wamekaa kwa chumba na chupa za maji. Lakini hapo ndipo kuna meno. Kifungu cha 153 cha katiba kinasema waziri lazima aje mbele ya kamati ikimhitaji na ajibu swali lolote kuhusu kazi yake, na Kifungu cha 125 kinaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu, inaweza kumuita mtu yeyote, inaweza kumuapisha, inaweza kulazimisha stakabadhi ziletwe. Stakabadhi! Yaani si "tumesambaza magunia", ni barua ya kutoa magunia, tarehe, ghala, namba ya lori, nani alipokea na alipiga sahihi wapi. Mimi nikiambiwa nichague moja tu kati ya zote nachagua kamati, hata kama haina vidio ya kuzungusha, kwa sababu njaa hapa kwetu mara nyingi haiui kwa kukosa ahadi, inaua katikati ya ahadi na mlango wa nyumba.

Shida ya kamati ni muda. Ikianza uchunguzi kamili, itatembelea kaunti, itaita wadau, itaandika ripoti, ripoti itasubiri kuwekwa kwa ratiba ijadiliwe, na mvua itakuwa imenyesha ama watu wamehama. Sasa ujanja ni huu, usiombe uchunguzi, omba kikao. Kikao kimoja, waziri na mkuu wa NDMA na mtu wa Hazina ya Taifa kwa meza moja siku moja. Ukiita waziri peke yake atasema Hazina haijatoa pesa, ukiita Hazina peke yake itasema wizara haijaleta maombi. Wakikaa pamoja hakuna wa kumsukumia mwenzake.

Petisheni, ama kuomba habari wewe mwenyewe?

Hizi mbili hazihitaji umbembeleze mheshimiwa, na ndio maana nazipenda kwa watu ambao mbunge wao hashiki simu.

Petisheni ni haki yako, Kifungu cha 119, mtu yeyote anaweza kuomba bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Inaandikwa kwa Kiswahili ama Kingereza, kwa mkono ama kwa kompyuta, lugha iwe ya heshima, isiwe na maneno yamefutwafutwa, useme ulishajaribu kupeleka hilo jambo kwa ofisi gani na hukuridhika vipi, useme kama kesi iko kortini ama la, na mwisho uandike wazi unaomba nini. Asiyejua kuandika anaweka alama yake mbele ya shahidi. Unaweza kupeleka kwa karani wa bunge mwenyewe ama mbunge akuwasilishie. Nimeona petisheni nzuri ikikwama kwa sababu ndogo tu, walieleza mateso kurasa nne na hawakusema popote wanaomba bunge lifanye nini. Ila ukweli ni kwamba petisheni ni ya mwendo wa ngamia, inapita kwa kamati, inasikizwa, inajibiwa. Kwa janga ambalo liko mwezi mmoja mbele haifai. Kwa jambo la kudumu kama kaunti yako kuachwa nje ya mpango wa pesa za wafugaji, ama kisima cha serikali kimeharibika miaka mitatu, hapo ni silaha kweli.

Kuomba habari ni kitu tofauti na watu wengi hawajui kama kipo. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandikia ofisi ya umma, inapaswa ikujibu ndani ya siku 21, na kama habari unayoomba inahusu uhai ama uhuru wa mtu ni ndani ya saa 48. Uhai wa mtu! Maji ya kunywa kwa kijiji ambacho kisima kimekauka ni uhai wa mtu, andika hivyohivyo kwa barua. Wakikunyima unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile watu wanaita Ombudsman. Si njia ya bunge lakini naiweka hapa kwa sababu inapikia bunge chakula, jibu ulilopata ama hata barua iliyokosa jibu, unampa mbunge akiwa anaenda kuuliza, na anauliza akiwa na kitu mkononi badala ya hasira tu.

Nairobi ama nyumbani?

Watu wetu wakisikia bunge wanafikiria Nairobi tu, na huku udhibiti wa majanga ni kazi ya serikali zote mbili, ya taifa na ya kaunti. Kila kaunti inaweza kuwa na hazina ya dharura, na sheria ya fedha za umma inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kutoa kutoka hapo mpaka asilimia 2 ya mapato ya kaunti kwa mwaka. Akitoa, lazima baadaye apeleke hesabu kwa bunge la kaunti. Sasa uliza MCA wako, yaani mjumbe wa wadi yako kwa bunge la kaunti, zimetolewa? Lini? Zilinunua nini? Mara nyingi nimeona gavana analaumu Nairobi kwa nguvu zake zote na hakuna mtu hata mmoja wa wadi amemuuliza hizo asilimia 2 ziko wapi.

Seneti nayo iko hapo katikati, kazi yake ni kulinda kaunti na kufuatilia pesa za taifa zinazogawiwa kaunti. Kama shida yako ni pesa za mgao zimechelewa na gavana ana sababu ya kweli, seneta ndiye mtu wako. Kama shida ni NDMA, ama mpango wa pesa za njaa, ama chakula cha msaada cha serikali kuu, nenda Bunge la Taifa. Na pesa za dharura zikitumika nje ya bajeti, Kifungu cha 223 kinataka idhini ya bunge itafutwe ndani ya miezi miwili tangu zitolewe mara ya kwanza, kwa hivyo hapo pia kuna mlango wa kuuliza maswali, bajeti ya nyongeza ikija usiiache ipite kama karatasi ya kawaida.

Swali lenyewe liandikweje

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu unaweza kuchagua njia nzuri kabisa na ukaiharibu na swali bovu. Swali bovu ni hili, "serikali ina mipango gani ya kukabiliana na ukame?" Jibu lake unalijua hata wewe, serikali inafahamu hali, serikali imetenga fedha, serikali itaendelea kushirikiana na wadau. Limekwisha, na mtu hajakudanganya popote lakini pia hajakwambia kitu.

Kuna maneno matatu ya kutenganisha: kutenga, kutoa na kufika. Pesa inaweza kutengwa Nairobi Januari, ikatolewa Machi, na mpaka Juni haijafika Loiyangalani kule Marsabit. Waziri anapenda neno la kwanza. Wewe uliza la tatu. Mfano, mpango wa pesa za kukinga njaa ule ulianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kaya inalipwa shilingi 2,700 kwa mwezi na mara nyingi zinakuja za miezi miwili pamoja, 5,400. Usiulize kama mpango unaendelea, manake unaendelea. Uliza malipo ya mwisho yalifika kwa akaunti tarehe ngapi, ni ya miezi gani, kaya ngapi zilikosa na kwa nini. Huo mpango pia uliwekewa njia ya kupanuka wakati wa ukame, setilaiti ikionyesha mimea imekauka mpaka kiwango fulani kaya zaidi zinaingizwa kwa malipo. Kwa hivyo uliza, mwezi uliopita setilaiti ilionyesha nini kwa kaunti ndogo yetu, na kama kiwango kimefikiwa, mbona hatujaona meseji za malipo?

Na kwa kuwa tunaongea janga ambalo bado halijafika, uliza mambo ya kabla. Je, serikali itanunua mifugo ikiwa bado ina nyama ama itangoja ibaki ngozi na mifupa? Visima vya akiba vimekaguliwa, jenereta zinafanya kazi, vipuri viko kaunti ama viko Nairobi? Maboza yana mafuta ya miezi mingapi? Hospitali ndogo zina unga wa lishe wa watoto? Wekea kila moja tarehe. Swali bila tarehe ni kama kumwambia mdeni nilipe ukipata.

Pia kariri ripoti ya NDMA ya kaunti yako, na tumia maneno yake. Ukisema "watu wanateseka" waziri atakupa pole. Ukisema "ripoti yenu wenyewe inasema kaunti iko daraja la hatari, umbali wa kwenda maji umeongezeka, kilo za mahindi ambazo mbuzi mmoja ananunua zimeshuka, ni hatua gani kwa mpango wenu inapaswa kuwa imeanza kwa daraja hili?" hapo unamuuliza kuhusu karatasi yake na hawezi kusema hajaiona.

Kitu ambacho hakuna mtu anaangalia: kalenda

Bunge linaenda likizo. Na kuna uchaguzi. Mwaka wa 2022 uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti, wabunge wapya wakaapishwa 8 Septemba, mawaziri wapya wakaapishwa 27 Oktoba. Hesabu hizo wiki. Huo ndio wakati msimu wa nne ulikuwa umekosa na wa tano unakosa, na kwa muda wote huo hungeweza kumuuliza waziri mpya kitu bungeni kwa sababu hakuwepo. Mbuzi hawakungoja baraza la mawaziri. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, kwa hivyo kama ripoti za masika ya mwaka huo zitakuwa mbaya, maswali yote ya maana yanafaa yawe yameshajibiwa kabla wabunge hawajaanza kampeni, na ahadi ziwe zimeandikwa kwa kumbukumbu rasmi za bunge ndio waziri atakayekuja azikute.

Jirani zetu Somalia walilipa hii bei kwa njia ya kutisha sana. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa huko Julai 2011, na watafiti baadaye wakakadiria watu karibu 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, kama nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Maonyo yalikuwa yametolewa miezi mingi kabla na wengi walikuwa washazikwa neno lenyewe likitangazwa. Kila nikiambiwa "ngoja kidogo tuone mvua" hiyo namba ndiyo inanijia.

Sasa wewe uchague nini

Kama kaunti yako bado iko tahadhari na mvua imebaki miezi miwili mitatu, anza na barua ya kuomba habari leo, na wiki hiyohiyo mwambie mbunge aandike swali kwa waziri. Hapo una muda wa kungoja nafasi kwa ratiba, na majibu ya barua yako mbunge atayatumia kwa maswali ya nyongeza.

Kama imefika hatari na mifugo imeanza kuanguka, ruka swali, tafuta kikao cha kamati na watu watatu niliosema, na sambamba MCA aulize ile hazina ya kaunti. Hoja ya kuahirisha itumieni hapa pia lakini siku moja ama mbili kabla ya kikao, ndio waziri aje akiwa nchi nzima inaangalia.

Kama bunge liko likizo, kamati bado zinaweza kukutana, kwa hivyo usikubali kuambiwa "ngoja wafungue". Na kama mbunge wako ni wa upande wa serikali na anaogopa kumuaibisha waziri, usimlazimishe aulize kwa ukali, mpe ile ya taarifa, inaonekana ya upole na itamtoa jasho kidogo tu, halafu swali kali mpe mbunge wa kaunti jirani ambaye hana hiyo shida. Ukame hauna mpaka wa jimbo.

Petisheni iandike sasa, mvua ikiwa inanyesha na watu wameshiba kidogo wana nguvu ya kukaa chini ya mti na kukusanya sahihi. Yetu tumeianza kwa daftari la shule, tuna majina mia moja na kitu, na mzee mmoja amekataa kuweka alama yake mpaka asomewe yote kutoka mwanzo tena, kwa hivyo Jumamosi tunarudi.